Kupanda bara na dizeli ya mafuta ya kupikia bila kulala Limuru

Hapa Mombasa ukimwambia mtu gari la dizeli linaweza kugoma kwa sababu ya baridi atakucheka, baridi yenyewe iko wapi na watu tunalala na feni. Lakini hebu angalia ile chupa ya mafuta ya nazi nyumbani. Januari yanamiminika tu vizuri, ikifika Julai upepo wa kusi umekaza unaamka asubuhi unakuta yameganda meupe mpaka uyaweke juani ndio upake nywele. Mafuta ya nazi huanza kuganda yakishuka chini ya digrii 24 hivi, na alfajiri za Julai hapa kwetu hushuka mpaka 21, hata 20. Sasa chukua mafuta ya kukaangia unayotilia Hilux yako, yapandishe Nairobi ambako usiku wa Julai ni digrii 10 na siku zingine chini ya hapo, halafu uendelee Limuru, Mau Summit, mpaka Timboroa kule zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Gari lililokuwa linatambaa Nyali na Mtwapa bila shida yoyote litakulaza huko na turubai lako.

Naandika hii kwa wale ambao tayari wanatumia mafuta yaliyokaangia viazi karai na bhajia, ama wanataka kuanza, na safari zao haziishii Mariakani. Kama wewe ni wa Kisauni na Likoni peke yake, soma sehemu ya kuchuja mafuta na ile ya oili ya injini, mengine wachana nayo.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Maelezo mengi ya kutumia mafuta ya mimea kwenye dizeli yametoka Ujerumani, Uingereza na Marekani, na wenzetu wale mafuta yao ni ya rapa (wengine wanaita kanola), soya ama alizeti. Hayo unaweza kuyaweka kwenye sifuri na bado yakamiminika, yanakuwa mazito lakini hayagandi. Sisi hapa karibu kila karai limejaa mawese, hata kama kwenye mtungi kumeandikwa tu mafuta ya kupikia ya mboga, na mawese yana ile sehemu nzito inayoanza kuganda mapema sana. Kwa hivyo ukisoma mahali wameandika ati juu ya digrii 5 hakuna haja ya kupasha moto tangi, usijidanganye, hiyo si habari ya mafuta yako. Digrii 10 ya Limuru kwa mawese ni baridi kali kushinda theluji ya Mjerumani kwa rapa yake.

Na injini yenyewe haina ubaguzi. Mwaka 1900 kwenye maonyesho ya Paris kulikuwa na injini ya dizeli iliyoendeshwa kwa mafuta ya njugu na ikafanya kazi vizuri. Tatizo si kuungua, mafuta yataungua tu. Tatizo ni mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni uzito, mafuta ya kupikia hata yakiwa maangavu kabisa ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli ukiyapima kwenye digrii 40, na kadri baridi inavyozidi ndivyo yanavyozidi kuwa mazito. Nozo imetengenezwa inyunyize dizeli kwa matone madogo sana kama ukungu, ukiipa kitu kizito inatema matone makubwa, hayaungui yote, yanagonga ukuta wa silinda, masizi yanaota kwenye ncha ya nozo, ringi za pistoni zinanata, na yale yasiyoungua yanateremka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kuchanganyika na oili. La pili ni kuganda, ile chengachenga nyeupe inayojaa kwenye filta mpaka gari linakosa pumzi mlimani halafu linazima. Uzito unaua injini polepole, kuganda kunakuzimia barabarani usiku. Dawa ya yote mawili ni joto, lakini kuganda kunaanza kutibiwa kabla mafuta hayajaingia tangini.

Gari lipi? Injini za zamani zenye chumba kidogo cha kuwashia pembeni, yaani 2L, 3L na 5L za Hilux na Hiace, na 1HZ ya Land Cruiser, hizo ndizo zinazovumilia. Malori mengi yananyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni, hayo yanataka mafuta ya moto kweli kweli, ukikosea kidogo tu ringi zimenata, mimi simshauri mtu aanzie huko. Na zile mpya za komoni reli, zenye bomba moja la presha kubwa na nozo zinazofunguliwa na kompyuta, D-4D na wenzake, usiguse. Pampu na nozo zake ni bei ya kuuza shamba.

Sasa mafuta. Mafuta mapya ya dukani sahau, lita moja inaizidi dizeli kwa bei, hesabu inaingia akilini kwa mafuta yaliyotumika peke yake. Ukienda kununua kwa mama wa viazi ama jikoni kwa hoteli usiulize bei kwanza, uliza wanakaangia nini. Wakikwambia mafuta mgando ya kopo, asante mama, tutaonana siku nyingine, hayo hata hapa Mombasa yatakusumbua. Wakikaangia ya maji maji chukua, lakini angalia mtungi asubuhi na mapema kabla jua halijapiga. Kukiwa na tabaka jeupe chini, linalofanana na uji uliolala, usilikoroge ndani, mimina ya juu pole pole ukiona jeupe linakaribia mdomo wa mtungi wacha.

Maji nayo. Chota kijiko kimoja tia kwenye kikaango kikavu kilichoshika moto, yakilia chachacha na kurusha vitone yana maji. Yapashe kwenye pipa mpaka digrii 60 hivi, wacha yatulie siku kadhaa bila kuyatikisa, maji na takataka zitazama chini, utafungulia bomba la chini uzitoe. Maji kwenye baridi ni balaa mara mbili, yanakula pampu na pia yanakusanyika kwenye filta.

Halafu kuna jambo la kuchuja ambalo naona watu wengi wanafanya kinyume. Mafuta ya moto yanapita kwenye kitambaa haraka, ndio, kwa hivyo mtu anayapasha moto, anachuja, anaona safi, anafurahi. Lakini ukichuja ya moto ile sehemu inayoganda inapita ikiwa imeyeyuka, inaenda kuganda tena mbele ya safari ndani ya filta ya gari. Ya kupanda bara chuja yakiwa ya baridi. Yaache kwenye mapipa kivulini kwa wiki moja ama mbili, Julai na Agosti ndio wakati mzuri, amka alfajiri uvute kutoka juu kwa mpira, theluthi ya chini iache, hiyo tumia humu humu mjini ama mpe mtu wa kutengeneza sabuni. Ndio hivyo hivyo viwandani wanavyotenganisha mawese, wanayapoza taratibu halafu wanachuja kile kilichoganda. Baada ya hapo pitisha kwenye mfuko wa kuchujia wenye matundu ya maikroni 5, ukipata wa 1 bora zaidi, itachukua muda mrefu, hakuna haraka.

Lakini baridi yetu ya alfajiri ni digrii 21 tu, kwa hivyo mafuta yaliyo maangavu Mombasa bado hayajakuhakikishia kitu kuhusu Limuru. Hapo ndio inaingia friji. Chukua chupa ndogo za maji za plastiki, zile zinazoonyesha ndani, jaza moja mafuta matupu, nyingine tia robo dizeli, nyingine nusu kwa nusu, andika kwa makapeni juu ya kila moja, funga vizuri sana manake harufu ya dizeli kwenye friji itakuletea kesi na mwenye jikoni, lala nazo usiku mzima. Friji ya kawaida ni digrii 4 ama 5. Asubuhi usizitikise, ziinue kwenye mwanga wa dirisha. Ikiwa unaona upande wa pili kama kawaida, mafuta hayo yatapanda. Ikiwa kuna ukungu unaoelea, yatapita kwenye paipu lakini yataziba filta kama haipashwi moto. Ikiwa ukiinamisha chupa mafuta yanakuja yote kipande kimoja, hayo yasivuke Mtito Andei. Kisha ziache mezani na kipimajoto ndani ya ile iliyoganda, uone inarudi kuwa maangavu kwenye digrii ngapi, hiyo namba iandike kwenye pipa. Hicho ndicho kipimo cha maana kushinda chochote fundi atakachokwambia.

Kwa mitambo, njia ninayoiamini mimi ni tangi mbili. Dizeli inabaki kwenye tangi lake la kiwanda, mafuta ya kupikia yanakuwa na tangi lake nyuma. Unawasha na dizeli, injini ikishika moto unageuza vali, na kabla ya kuzima unarudi kwenye dizeli uisafishe pampu. Joto linatoka kwenye maji ya redieta: unakata ile hozi inayokwenda kwenye hita ya ndani ya gari (hapa kwetu mara nyingi fundi alishaizungusha ikafungwa, nani anawasha hita Mombasa), unayapitisha maji ya moto mpaka nyuma kwenye koili ndani ya tangi, yakirudi yanapita kwenye filta ya mafuta na kipasha cha mabamba (maji ya moto upande mmoja wa bamba, mafuta upande wa pili) karibu na pampu. Koili iwe pale pale mdomo wa kuvutia, huhitaji kuyeyusha tangi zima, unahitaji kuyeyusha yale yanayovutwa sasa hivi. Paipu ya mafuta ifunge pamoja na hozi ya maji ya moto ndani ya sponji kutoka nyuma mpaka mbele, vinginevyo mafuta yatatoka tangini yana digrii 60 na kufika mbele yamepoa na upepo wa chini ya gari. Lengo yafike kwenye pampu yakiwa na digrii 70 hivi ama zaidi. Weka kipimajoto chake kwenye filta, kile cha kwenye dashibodi kinasoma maji, si mafuta.

Shaba usitumie mahali popote mafuta yanapogusa, wala bati la mabati ya zinki. Najua paipu ya shaba fundi anaipenda, inakunjika vizuri, lakini mafuta ya kupikia yakikaa na shaba yanaharibika na kugeuka gundi. Tumia chuma cha pua, aluminiamu ama plastiki ngumu. Na ile paipu ya kurudishia mafuta yaliyozidi kutoka kwenye pampu usiirudishe kwenye tangi la dizeli ukiwa unatumia mafuta, utashtukia dizeli yako ya kuwashia imeshakuwa nusu mawese na ndiyo uliyoitegemea asubuhi ya Limuru.

Sasa nije kwenye mambo mawili ambayo yanawaangusha watu wa Pwani hasa, na hayahusiani na mafuta kabisa.

Thamostati. Magari mangapi hapa mjini yana thamostati? Gari lilichemsha mara moja pale kwenye mlima wa kutoka daraja la Makupa, fundi akaitoa akaitupa, akasema hii ni ya Ulaya bwana, na tangu hapo gari linapoa vizuri. Ni kweli linapoa, linapoa kupita kiasi. Thamostati nyingi hufunguka karibu na digrii 80, kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye redieta mpaka injini ishike moto. Bila hiyo, Mombasa jua linakusaidia, lakini ukiteremka Kinungi usiku upepo wa baridi unapiga redieta, injini haibanwi, mshale unashuka mpaka chini, na mfumo wako wote wa kupasha mafuta unategemea maji hayo hayo. Utakuwa unapasha mafuta kwa maji ya vuguvugu. Rudisha thamostati. Kabla ya kuifunga itie kwenye sufuria ya maji jikoni na kipimajoto, washa moto, uione kwa macho ikifunguka na kwenye digrii ngapi. Kama gari linachemsha ikiwa ndani basi redieta imeziba ama feni imechoka, tibu hiyo.

La pili hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha chumba cha kuwashia kabla injini haijawaka. Hapa ufunguo ukizungusha gari linawaka hata plagi zote zikiwa zimekufa, kwa hivyo hakuna anayejua zimekufa lini. Pima kabla ya safari, ni kazi ya dakika chache: fungua kile kibati kinachoziunganisha, chukua tasta yako ya taa, klipu ibane kwenye positivu ya betri, ncha gusa kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka plagi ni nzima, isipowaka nunua nyingine. Halafu rudisha kibati, mtu azungushe ufunguo uhakikishe umeme unafika, manake rilei, ile swichi inayozipelekea umeme, nazo hufa. Kule juu hewa ni nyepesi na ya baridi, betri nayo imechoka na baridi, plagi moja iliyokufa utaihisi, mbili utaomba kusukumwa.

Barabarani mambo yanakwenda hivi. Unatoka Mombasa na dizeli, ukifika Miritini ama Mazeras mafuta yameshashika moto, geuza. Uzuri wa njia hii ni kwamba unapanda taratibu, mzigo uko kwenye injini, na injini yenye mzigo ndiyo inayounguza mafuta vizuri. Kinachoharibu ni kusimama unanguruma bure. Foleni ya mizani Mariakani, foleni ya feri Likoni, jamu ya Mlolongo, rudi kwenye dizeli. Mteremko mrefu pia rudi. Kutoka Nairobi kwenda juu angalia kipimajoto cha filta, kikishuka chini ya 60 geuza dizeli usibishane nacho.

Kabla ya kuzima, hasa ukilala huko juu, rudi kwenye dizeli kilomita mbili tatu kabla ya kituo. Ukiweka kipande cha paipu kinachoonyesha ndani kabla ya pampu utaona rangi ikibadilika, na ukifungua dirisha harufu ya ekzosi itaacha kunukia bhajia irudi kuwa ya dizeli. Bado mpe dakika moja ama mbili, manake kwenye pampu na paipu za nozo kumebaki kidogo. Ukisimama kula nyama dakika ishirini injini haipoi, lakini Limuru dakika ishirini zinageuka saa mbili watu wakianza stori, safisha tu kila mara.

Wale wa tangi moja wanaochanganya. Hapa Pwani mchanganyiko unakwenda, sikatai. Kupanda bara miezi ya Juni mpaka Agosti punguza mpaka mafuta yawe sehemu moja kwa nne za dizeli, na hiyo iwe imepita kwenye mtihani wa friji, na ukifika Nairobi jaza dizeli tupu kabla ya kwenda mbele. Kuna wanaoongeza petroli ili yawe mepesi. Usifanye hivyo, mvuke wa petroli unashika moto upesi mno hata nje ya injini, na petroli haina ulainisho, pampu inasagika. Mafuta ya taa nayo yanapunguza uzito lakini mawese yaliyoganda hayayeyushi kivile, na hapa Kenya yanatiwa alama maalumu kwa sababu ya wanaochakachua dizeli, usijitafutie kesi. Na usifikiri kutengeneza biodizeli kwa methanoli na kostik ndio umemaliza shida ya baridi. Biodizeli ya mawese inaanza ukungu kwenye digrii 13 mpaka 16 hivi, Nairobi ya Julai inaigandisha vizuri tu. Uzito umetibu, kuganda bado.

Imetokea, umelala Timboroa bila kusafisha na asubuhi gari halitaki. Wacha kuzungusha stata, unamaliza betri bure na unavuta mafuta mazito kwenye pampu. Usiwashe moto chini ya tangi hata ukiwaona madereva wengine wakifanya. Usimwagie pampu maji yanayochemka, chuma cha baridi kikipigwa na maji ya moto ghafla kinapasuka ama kinakwama. Chukua matambara, yatie kwenye maji ya moto unayoweza kuyakamua kwa mkono, funga kwenye pampu na paipu, badilisha yakipoa. Filta ifungue, itupe, weka mpya iliyojazwa dizeli safi, geuza vali iwe dizeli, piga ile pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Legeza nati za nozo kidogo, sasa zungusha stata mpaka dizeli itoke, kaza, chaji hita plagi mara mbili, washa. Ile dawa ya kuwashia (etha) inayopulizwa kwenye njia ya hewa ya injini usiitumie kabisa kwenye gari lenye hita plagi, inalipuka. Kwa hivyo filta mbili za akiba na lita tano za dizeli ndani ya gari, si hiari.

Ukirudi Mombasa usilisahau gari kwa sababu joto limerudi. Safari za baridi ndizo zinazoshusha mafuta mengi kwenye sampu. Oili ya injini badilisha nusu ya kilomita ulizozoea, na kila wiki vuta dipstiki. Kimo kikipanda badala ya kushuka, mafuta yanaingia. Weka tone kati ya vidole viwili usugue, oili nyeusi ya dizeli ni kawaida, lakini ikianza kunata na kuvuta uzi ujue inageuka gundi, hiyo mwaga siku hiyo hiyo kabla haijaziba njia za oili, halafu peleka nozo kwa fundi wa pampu zikapimwe mnyunyizo wake kabla hujatilia tena hata lita moja ya mafuta ya kupikia.